Tamko la Wafanyabiashara Wadogo na Mawakala Kuhusu Kuunganishwa kwa Mifumo ya Pesa kwa Simu

Limetolewa Mombasa kwa niaba ya wanachama wote

Kwa: Benki Kuu ya Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano, Mamlaka ya Ushindani, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Bunge la Kitaifa na Seneti, kampuni zinazotoa huduma za pesa kwa simu, na wananchi wote

Sisi, wauzaji wa sokoni, wenye maduka ya rejareja, wachukuzi na mawakala wa pesa kwa simu katika kaunti za Pwani, tumejadiliana katika matawi yetu na tumekubaliana kutoa tamko hili. Msimamo wetu ni mmoja. Kampuni ya teknolojia ikishakuwa kubwa hadi mfanyabiashara hawezi kuuza bila kuitumia, kuunganisha mfumo wake na wa washindani kusiachwe kwenye hiari yake. Kuwe sharti la sheria, na sharti hilo liwe na bei, muda na adhabu.

Hatutaki kampuni yoyote ifungwe, ivunjwe wala inyang'anywe mali. Tunataka pesa ya mteja iweze kwenda anakotaka iende, na duka dogo lipokee malipo bila kwanza kumuuliza mteja ana laini gani.

Simu za kupiga zilivyounganishwa

Anayempigia mwenzake leo hajiulizi kama yule wa pili yuko mtandao gani. Anabonyeza namba, simu inaita. Utaratibu huo haukuletwa na ukarimu wa kampuni. Sheria inailazimisha kila kampuni ya simu kupokea miito inayotoka kwa nyingine, na Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayopanga ada ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kwa kila dakika. Mwaka 2010 ada hiyo ilishushwa kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Kuanzia Machi 2024 ilifika senti 41. Kampuni ndogo ikiwa inalipa kidogo kumfikia mteja wa kampuni kubwa, inaweza nayo kumtoza mteja wake kidogo. Tangu Aprili 2011, mteja anaweza pia kuhama mtandao na namba yake akaondoka nayo.

Kwa hiyo nchi yetu inajua kuunganisha mitandao, inajua kupanga bei ya kuunganisha, na imefanya hivyo kwa miaka mingi bila sekta kuporomoka. Tunalouliza ni kwa nini pesa, inayopita kwenye laini zilezile, iliwekewa utaratibu legevu zaidi kuliko mazungumzo.

Ilivyochukua miaka 15

M-Pesa, huduma ya kampuni ya Safaricom, ilianza Machi 2007. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ilipitishwa mwaka 2011, na kanuni zake za mwaka 2014 zikawataka watoa huduma watumie mifumo iliyo wazi, inayoweza kuunganishwa na mingine. Lakini kuweza kuunganishwa ni jambo moja na kuunganishwa ni jingine. Hili la pili liliachiwa makubaliano ya kampuni zenyewe.

Wanachama wetu wanakumbuka kilichofuata. Mteja wa M-Pesa akimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine, mpokeaji alipata ujumbe wenye nambari maalumu, akalazimika kwenda kwa wakala wa M-Pesa kutoa taslimu. Pesa haikuingia kwenye simu yake. Hakuweza kuiweka, kuigawa wala kulipia kitu. Alichoweza ni kuitoa tu, tena kwa wakala wa kampuni ambayo si yake.

Hakuna awezaye kusema kwamba utaalamu ulikosekana. Mwaka 2015 mteja wa M-Pesa nchini Kenya aliwezeshwa kumtumia pesa moja kwa moja mteja wa M-Pesa ya Vodacom nchini Tanzania. Ikawa pesa inavuka mpaka wa Lungalunga kwa urahisi kuliko inavyovuka kutoka laini moja hadi nyingine ndani ya duka moja la Likoni. Safaricom na Airtel zilianza kuunganisha pochi zao kwa majaribio Januari 2018, na huduma ikafunguliwa kwa wote Aprili mwaka huo, baada ya msukumo wa Benki Kuu. Tili za wafanyabiashara, yaani namba zao za kupokelea malipo, zilisubiri hadi Aprili 2022 ndipo mteja wa mtandao mmoja akaweza kulipa kwenye tili ya mwingine. Kutoka M-Pesa ilipoanza hadi tili kufunguka ni miaka 15.

Hata tili zilipofunguka, ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano zilionyesha kampuni moja ikiwa na zaidi ya asilimia 90 ya soko la pesa kwa simu. Huduma nzuri imechangia hilo, na tunakiri. Lakini mlango unaofunguliwa baada ya miaka 15 hufunguliwa wakati wateja wamekwisha kuamua wakae wapi, mawakala wamekwisha kuajiriwa, na vibandiko vya tili vimekwisha kubandikwa kila ukuta.

Kwa nini Tanzania ilitutangulia

Jirani zetu wa Tanzania waliunganisha pochi zao mapema kuliko sisi. Mwaka 2014 Airtel, Tigo, ambayo leo inaitwa Yas, na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja. Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Leo Benki Kuu ya Tanzania inaendesha mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu mahali pamoja, na kuna msimbo mmoja wa malipo wa TANQR ambao muuzaji anaubandika mara moja tu.

Wapo wanaoutumia mfano huo kusema kwamba kampuni zikiachwa zenyewe hukubaliana. Sisi tunausoma kinyume. Tanzania ilikuwa na kampuni kadhaa zilizokaribiana kwa ukubwa, na hakuna iliyoweza kuwaambia wateja kwamba kila mtu wanayemhitaji yuko kwake. Kila moja ilipata faida kwa kufungua. Hata hivyo, iliyokuwa na wateja wengi zaidi ndiyo iliyochelewa kujiunga. Nchini Kenya kampuni kubwa haikuwa na sababu ya kibiashara ya kufanya haraka, kwa kuwa kila siku ya kuchelewa iliwarudisha wateja kwake. Makubaliano ya hiari hufaa panapokuwa na wanaolingana. Asipokuwepo wa kulingana na mkubwa, sheria ndiyo inayobaki.

Panapobana hadi sasa

Kutuma kutoka pochi hadi pochi kunawezekana, na tunashukuru. Lakini pochi ni sehemu ndogo ya kazi yetu. Tunabanwa mahali patatu.

Kwanza ni kwa wakala. Kanuni za mwaka 2014 zilipiga marufuku mikataba ya kumfunga wakala kwa kampuni moja, na mwaka huohuo, kufuatia malalamiko ya Airtel mbele ya Mamlaka ya Ushindani, Safaricom ilikubali mawakala wake wahudumie mitandao mingine. Kwenye karatasi wakala yuko huru. Kwenye kibanda, floti, yaani pesa ya kwenye simu ambayo wakala anawahudumia nayo wateja, ni tofauti kwa kila mtandao. Tuseme wakala ana mtaji wa shilingi 60,000 wa kuweka kwenye floti. Akiuweka wote kwenye mtandao mkubwa, anamhudumia kila anayekuja kuweka pesa huko. Akiugawa 40,000 huku na 20,000 kule, mteja wa mtandao mdogo mwenye 30,000 za kuweka anarudishwa, na wa mtandao mkubwa mwenye 50,000 naye anarudishwa. Wakala mwenye mtaji mdogo hahitaji mkataba wa kumfunga, maana hesabu inamfunga. Mteja wa mtandao mdogo naye akikosa wakala mara mbili, hununua laini ya mtandao mkubwa.

Pili ni kwenye tili. Mteja wa mtandao mwingine akifika hutuuliza, "Hii inakubali?" na mara nyingi muuzaji hana uhakika, kwa kuwa kibandiko kina jina na rangi ya kampuni moja. Mwaka 2023 Benki Kuu ilitoa kiwango cha msimbo wa pamoja, KE-QR. Kiwango hicho ni kizuri, ila kiwango kisicho na tarehe ya mwisho ya kukitekeleza hubaki waraka. Malipo ya kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine yanapokwama, wanachama wetu hutumwa huku na huku. Aliyetuma anaambiwa pesa imetoka, anayepokea anaambiwa haijafika, na bidhaa imeshabebwa.

Tatu ni kwenye historia ya biashara. Mama mboga aliyepokea malipo kwenye simu kwa miaka kumi amejijengea rekodi inayoonyesha anauza kiasi gani, siku gani na kwa uaminifu gani. Rekodi hiyo ndiyo inayompa mkopo. Akitaka kwenda kwa mkopeshaji mwingine mwenye riba nafuu, anaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuuza hata fungu la mchicha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mwenye data haki ya kuipata na kuihamishia kwa mwingine. Mfanyabiashara mdogo anahitaji haki hiyo iwe kitufe kwenye simu, asilazimike kutafuta wakili ili aidai.

Wengine wamefanyaje

Benki Kuu ya Brazil ilipoanzisha mfumo wa Pix Novemba 2020, haikungoja wakubwa wajisikie. Kila taasisi yenye zaidi ya akaunti 500,000 za wateja ililazimishwa kujiunga, na ndogo ziliachiwa uamuzi. Ghana iliunganisha pesa kwa simu za kampuni zake Mei 2018 kupitia kituo cha kitaifa cha malipo, badala ya kungoja kila kampuni ifunge mkataba na kila mwenzake.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi ya malipo. Sheria yake ya Masoko ya Kidijitali ilianza kutumika Mei 2023, na Septemba mwaka huo Tume ya Ulaya ikazitaja kampuni sita kuwa walinda lango: Alphabet, Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft. Booking iliongezwa mwaka 2024. Sheria hiyo inaitaka WhatsApp, pamoja na mengine, ikubali kupokea na kutuma ujumbe kwa programu ndogo zinazoomba kuunganishwa nayo.

Tunachukua mambo matatu kutoka sheria hiyo. Ukubwa una kipimo kilichoandikwa, haukadiriwi kila kesi inapofika. Utekelezaji unakwenda kwa hatua: ujumbe wa watu wawili kwanza, makundi baada ya miaka miwili, na miito ya sauti na video baada ya minne. Adhabu nayo inaweza kufika asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote, na asilimia 20 kwa anayerudia. Faini ya kiwango kisichobadilika, kampuni kubwa huiingiza kwenye gharama za mwaka ikaendelea na shughuli zake.

Hoja za upande wa pili

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwenye nguvu naye ana haki yake, na hoja zake tumezisikiliza.

Ya kwanza ni uwekezaji. Kampuni kubwa ilijenga minara, ikawafundisha mawakala, ikavumilia hasara za mwanzo. Ni kweli, na ndiyo sababu hatuombi kuunganishwa bure, tunaomba ada inayolingana na gharama. Tunakumbusha pia kwamba M-Pesa ilianza ikiwa na msaada wa mfuko wa serikali ya Uingereza wa karibu pauni milioni moja, uliolinganishwa na mchango wa Vodafone. Na Serikali ya Kenya, baada ya kuuza asilimia 25 ya hisa za Safaricom kwa umma mwaka 2008, iliendelea kwa miaka mingi kushikilia asilimia 35. Mali ya umma imo ndani ya mafanikio haya. Hatudai kwamba kuna aliyependelewa. Tunasema anayesimamia kanuni za soko asiwe tena anayengoja gawio la mmoja wa wachezaji wake.

Ya pili ni usalama, na hii ina uzito mkubwa kwetu kwa kuwa tapeli akipita, hasara hutuangukia sisi. Huko Ulaya, Signal na Threema zilikataa kuunganishwa na WhatsApp zikisema zinalinda siri za watumiaji wao. Kwa hiyo hatusemi milango ifunguliwe ovyo. Tunasema masharti ya usalama yaandikwe na mdhibiti, yawe yaleyale kwa wote, na kampuni inayomkataa mshindani kwa sababu ya usalama ithibitishe sababu hiyo mbele ya Benki Kuu. Usalama usigeuzwe neno la kufunga mjadala.

Ya tatu ni kwamba sheria itaua ubunifu. Hapo tunatazama simu za kupiga. Ada ya kuunganisha ilishushwa mara kadhaa, na hakuna kampuni iliyoacha kubuni. Zilihamisha ushindani kutoka kuwafungia wateja hadi kuwavutia.

Tunayoyataka

1. *Kipimo cha ukubwa.* Bunge liweke katika sheria ya malipo kifungu kinachosema kwamba mtoa huduma mwenye nusu ya soko au zaidi, kipimo ambacho Sheria ya Ushindani inakitambua tayari, ana wajibu wa kuunganisha mfumo wake na wa mshindani yeyote mwenye leseni atakayeomba.

2. *Bei.* Ada ya kutuma au kulipa kwenda mtandao mwingine isizidi ada ya ndani ya mtandao. Ada ambayo kampuni moja inailipa nyingine ipangwe na Benki Kuu kwa kuangalia gharama halisi, kama Mamlaka ya Mawasiliano inavyofanya kwa miito.

3. *Floti moja.* Wakala aweze kumhudumia mteja wa mtandao wowote kutoka kwenye floti moja, na kampuni zisawazishe hesabu kati yao wenyewe. Kamisheni ya wakala isipungue kwa sababu mteja ni wa mtandao mwingine.

4. *Kibandiko kimoja.* KE-QR iwekewe tarehe ya mwisho ya utekelezaji. Duka libandike msimbo mmoja na mteja alipe kwa laini au benki aliyonayo.

5. *Jina na uwajibikaji.* Jina la mpokeaji lionekane kabla ya pesa kutoka, mtandao uwe wowote. Muamala ukikwama, kampuni ya mtumaji ndiyo ipokee lalamiko na ilimalize ndani ya saa 24, kisha idaiane na mwenzake baadaye.

6. *Historia ya biashara.* Mfanyabiashara aweze kuhamisha rekodi ya miamala yake kwenda kwa mkopeshaji anayemchagua, kwa idhini yake, bila malipo, kupitia simu yake. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data itoe mwongozo na viwango.

7. *Ratiba.* Mambo ya nambari 2 na 5 yatekelezwe ndani ya miezi 6 tangu kifungu kupitishwa, ya nambari 4 na 6 ndani ya miezi 12, na floti moja ndani ya miezi 18, kwa kuwa inahitaji kazi kubwa zaidi ya mitambo.

8. *Adhabu.* Faini ya kukiuka ihesabiwe kwa asilimia ya mapato ya kampuni yatokanayo na pesa kwa simu, na iongezwe kwa anayerudia kosa.

9. *Uwazi.* Kila robo mwaka Benki Kuu itangaze ni miamala mingapi imevuka mitandao, mingapi imekwama, na kila kampuni ilichukua muda gani kuimaliza. Bila takwimu hizo hatutajua kama sheria inafanya kazi.

Ahadi yetu na hatua zinazofuata

Na sisi tunajifunga. Mawakala wanachama watahakiki kitambulisho cha kila mteja, wa mtandao wowote. Hawatagawa muamala mmoja vipande vipande ili kuongeza kamisheni. Wenye maduka watabandika msimbo wa pamoja mahali panapoonekana na hawatamtoza mteja zaidi kwa sababu ya laini yake. Mwanachama atakayekiuka atachukuliwa hatua kwa mujibu wa katiba yetu.

Tunaomba Benki Kuu na mamlaka zilizotajwa zikutane na wawakilishi wetu ndani ya siku 30. Kampuni zote za pesa kwa simu, kubwa na ndogo, tunazialika kwenye meza hiyo. Ndogo nazo zina la kujibu, kwa kuwa wapo mawakala waliowahi kufunga laini zao kwa sababu ya floti isiyopatikana na lalamiko lisilopokewa.

Siku 60 zikipita bila ratiba iliyoandikwa, tutawasilisha ombi rasmi Bungeni chini ya Ibara ya 119 ya Katiba, tukitegemea pia Ibara ya 46 inayolinda haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma. Matawi yote yanaagizwa kuanza leo kukusanya saini za wanachama na wateja, na kuorodhesha miamala iliyokwama kwa tarehe, kiasi na muda uliochukua kurejeshwa, majina ya wateja yakifichwa. Orodha hiyo itaambatanishwa na ombi.

Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina
Kwa niaba ya wanachama
Mombasa